Kaanza vyuma, mizani imepanda kilo mbili, naye kakata ugali: ale nini, na tupime nini?

Kocha_Mbagala

Wakuu, habari za wikiendi. Naomba mwongozo kwa wanaoijua lishe ya wanawake wanaonyanyua vyuma. Sitafuti lishe ya kupungua tu.

Mwanafunzi ninayemsimamia ana miaka 31, urefu sentimita 162, na alianza akiwa na kilo 68. Anafanya siku 3 kwa wiki: skwati, dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni), benchi, kuvuta kwa mgongo na kuinua nyonga. Wiki ya kwanza alichuchumaa na chuma kitupu cha kilo 20. Wiki ya sita alifika kilo 50, seti 3 za marudio 5. Suruali imelegea kiunoni, ila mizani inasoma 70. Nyumbani wameanza kumwambia anageuka dume na kumuuliza mabega hayo ya nini.

Akaamua mwenyewe kukata ugali na chakula cha usiku. Sasa anakula hivi: asubuhi mayai 2 ya kuchemsha na chai ya rangi yenye vijiko 2 vya sukari; mchana wali (niliupima umeiva, gramu 200), maharage ya nazi na mchicha; usiku tunda na chai. Hii ni wiki ya nane. Skwati ya 50 haipandi, 45 inamtetemesha, anapata kizunguzungu akisimama kutoka kwenye dedilifti, na usingizi umekuwa wa kuruka ruka.

Mizani ilipanda kwa nini? Ale nini kwa bei ya sokoni kwetu? Tumpime kwa njia gani? Kriatini, ile poda ya wanyanyua vyuma, inamfaa? Na yale maneno ya nyumbani, kocha ayajibu vipi? Nawasilisha.

LisheNaVyuma

Mkuu, nianze na chakula. Kilo mbili zinaweza kusubiri, chakula hakiwezi.

Jumlisha ulichokitaja. Mayai mawili ni kalori 150. Sukari ya asubuhi 30. Wali gramu 200 ni 260. Maharage, kikombe kisichojaa, pamoja na nazi yake ni kama 270. Mchicha na mafuta uliopikiwa 150. Tunda na chai ya usiku 140. Hapo ni kama 1,000 kwa siku nzima.

Mwili wa kilo 68 wenye mafuta kama theluthi moja una takriban kilo 45 za visivyo mafuta: misuli, mifupa, viungo vya ndani, maji. Hizo ndizo zinazodai nishati. Siku ya vyuma toa kalori 250 zilizotumika kwenye mazoezi, zinabaki 750. Gawanya kwa 45, unapata 17 kwa kila kilo. Kinachomtosha mwanamke mwenye afya ni karibu 45. Ikishuka chini ya 30, majaribio yameonyesha mapigo ya homoni ya LH, inayoongoza yai kupevuka, yakivurugika ndani ya siku 5 tu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina mwaka 2014, upungufu wa nishati kwa wanamichezo, kwa kifupi RED-S, na imeirudia kwa marekebisho mwaka 2018 na 2023. Mwili ukiona hazina haitoshi unabana matumizi: unapunguza kujenga mfupa, unashusha joto, unaharibu usingizi, unasimamisha hedhi. Kutetemeka kwenye kilo 45 ni sehemu ya hesabu hiyo hiyo. Usimwongezee programu, mwongezee sahani.

Sasa protini. Kwa chakula kile anapata kama gramu 33 kwa siku. Anayejenga misuli anahitaji karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo 68 mara 1.6 ni gramu 109. Yuko chini ya theluthi ya lengo.

Siku moja inaweza kwenda hivi, bila kitu cha kopo:

Asubuhi mayai 3, viazi vitamu vya kuchemsha gramu 250, na glasi ya maziwa ya mililita 250. Hapo una protini gramu 31 na kalori 575.

Mchana ugali wa dona kutoka gramu 100 za unga (pima unga kabla haujaingia sufuriani), dagaa wakavu gramu 30 waliorostiwa kwa kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, mchicha kwa wingi, na limao juu. Protini 29, kalori 620.

Saa kumi, au mara tu baada ya mazoezi, glasi ya mtindi na ndizi mbivu. Protini 9, kalori 250.

Usiku wali ulioiva gramu 150, samaki gramu 120 baada ya kupikwa na kutolewa miiba, maharage yaliyoiva gramu 100, na nusu kijiko cha mafuta. Protini 43, kalori 535.

Jumla gramu 112 na kalori 1,980. Siku ya mazoezi inamwacha na kalori 38 kwa kila kilo isiyo ya mafuta, siku ya kupumzika 44. Kwa mtu wa kilo 68 bado ni chini kidogo ya anachotumia, kwa hiyo kama ana mafuta ya kupungua yatapungua polepole huku chuma kikiendelea kupanda.

Samaki akiwa ghali, weka dagaa mara ya pili, au mayai 3 na maharage mara mbili ya yale. Unga wa soya iliyokaangwa, gramu 30 ndani ya uji, unaongeza protini kama 11 kwa pesa kidogo. Karanga watu wanazihesabu kama protini, lakini ili upate gramu 25 itabidi ule gramu 100 zenye kalori zaidi ya 550. Zihesabu kama mafuta. Maharage na ugali vinafaa kuliwa pamoja: mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi kimoja cha protini, maharage yanayo tele.

Hesabu inapoharibika ni hapa, na ni mara nyingi. Mtu anasoma kwamba dagaa wana protini gramu 60 katika 100, kisha anapima rosti. Ile 60 ni ya dagaa mkavu. Akishaingia maji na nyanya, gramu 100 za rosti hazifikii hata nusu ya hapo. Maharage vivyo hivyo: makavu yana kama 22 katika gramu 100, yaliyoiva 9. Chagua kupima kikavu au kilichoiva, andika, usichanganye.

Kingine ni mafuta. Kijiko cha chakula kimoja ni kalori 120. Mkono ukiinamisha dumu juu ya sufuria, vijiko vitatu vinatoka kabla hujageuka, na hapo kuna kalori 360 zisizoonekana kwenye sahani. Mimina kwenye kijiko kwanza, ndipo kijiko kimimine sufuriani. Badiliko hili dogo linaokoa kalori nyingi bila kukata ugali.

Halafu zile kilo mbili. Misuli ya anayeanza inajifunza kuhifadhi zaidi glaikojeni, yaani wanga wa akiba, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na maji kama gramu 3. Nyuzi zilizochokozwa na mazoezi mapya nazo huvuta maji. Ongeza wiki ya kabla ya hedhi, ambayo kwa wengine hubeba kilo moja au zaidi ya maji, na chumvi ya dagaa wa kukausha. Misuli halisi kwa wiki sita ni kama nusu kilo, akibahatika sana kilo moja. Kiuno kikilegea huku mizani ikipanda, mafuta yamepungua. Huo ndio usomaji sahihi.

Mpunguzaji_Dom

Mkuu LisheNaVyuma, kwenye protini tuko pamoja, ila kwenye ugali nakupinga. Watu wanaacha ugali na wali, ndani ya wiki mbili wanashuka kilo tatu. Linaonekana kwa macho. Na kula wanga usiku halafu ukalala si ndiko kunakoleta kitambi? Angalau wa usiku uondoke.

LisheNaVyuma

Nakuelewa, na zile kilo zinashuka kweli. Ila tazama kinachoshuka. Mwili unaweza kubeba glaikojeni kama gramu 400 hadi 500. Ikitoka na maji yake ni kilo moja na nusu hadi mbili, na figo nazo hutoa chumvi na maji zaidi wanga ukipungua. Mafuta hapo ni sehemu ndogo. Siku akila ubwabwa wa shughuli, kilo zinarudi asubuhi yake, naye anaamini kaharibu kila kitu. Nimeona wengi wakikata tamaa hapo, na tatizo ni kipimo kilichosomwa vibaya.

Seti ya marudio 5 hadi 12 inategemea sana glaikojeni. Ukiiondoa, seti ya kwanza itakwenda, ya tatu itakwama. Hicho ndicho kilichompata huyu dada.

Wanga wa usiku hauna kosa la pekee. Kinachohesabiwa ni jumla ya siku. Kama anafanya mazoezi saa 12 jioni, wali wa saa 2 usiku unajaza kilichotoka na unamsaidia kulala. Ukitaka kupunguza, anza na soda: chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37. Kisha chapati za mafuta mengi, ambazo moja inaweza kufika kalori 300, na maandazi ya ofisini. Ugali wa gramu 100 za unga uache ulivyo.

BintiChuma_Tanga

Kwenye kupima niongeze, kwa sababu kipimo kibaya ndicho kilichomfanya akate chakula.

Mizani: asubuhi, baada ya choo, kabla ya kunywa chochote, nguo nyepesi zile zile, mizani juu ya sakafu ngumu. Siku 3 au 4 kwa wiki, kisha chukua wastani wa wiki. Namba ya siku moja msiijadili kabisa. Linganisha wiki na wiki inayofanana nayo kwenye mzunguko wake: wiki ya baada ya hedhi na wiki ya baada ya hedhi ya mwezi uliopita. Ukilinganisha wiki ya kabla ya hedhi na ya baada yake unalinganisha maji. Kama kila namba inamharibia siku, ondoa mizani kwa wiki nane. Hakuna kitakachopotea.

Tepu ya fundi cherehani inatosha zaidi. Kiuno kipimwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mwishoni mwa pumzi ya kawaida, bila kuvuta tumbo. Nyonga pale palipo panapana zaidi. Paja sentimita 15 juu ya ukingo wa juu wa goti, mguu ule ule kila mara. Apime mtu yule yule, kila wiki mbili. Tepu iguse ngozi isiizame: ikiacha alama umekaza mno, na sentimita moja ya kukaza inatosha kukudanganya mwezi mzima.

Mizani zinazotoa asilimia ya mafuta hupitisha umeme mdogo mwilini na kukisia kutokana na maji. Akiwa na kiu au ametoka kuoga, namba inabadilika. Kama unayo, itumie saa ile ile tu, na usitoe uamuzi wa chakula kwa sababu yake.

Kipimo cha nne ni daftari la chuma. Kutoka 20 hadi 50 kwenye skwati ndani ya wiki sita ni habari kubwa, na ndiyo aisikie kwako kwanza akiingia mlangoni, kabla mtu hajamuuliza uzito.

Kuhusu "dume". Mwambie sababu kwa lugha ya mwili. Testosteroni ya mwanamke huwa kati ya nanomoli 0.5 na 2.4 kwa lita, ya mwanaume mzima ni kuanzia 8 hadi 29. Mabega ya kiume hayaji kwa bahati mbaya kwa mtu anayepiga vyuma siku 3 kwa wiki. Kinachoonekana begani kwake ni misuli iliyokuwepo, sasa imepata umbo na mafuta ya juu yake yamepungua.

Lakini maelezo peke yake hayatoshi, mwalimu. Dada huyu anavutwa pande mbili. Mtaani akipungua anaulizwa anaumwa nini, na umbo linalosifiwa ni la namba nane. Kwenye simu anaona tumbo lenye mistari. Wale wa mashindano hukausha mwili kwa miezi, na lile umbo la jukwaani hudumu siku chache, chini ya taa, baada ya maji na chumvi kuchezewa. Wengi wao hedhi huwa imesimama wakati ule. Usiliweke kama lengo ukutani kwenye jimu lako.

Kocha unaweza kufanya haya. Usitangaze uzito wa mtu mbele ya wengine. Usiite chakula "dhambi", wala kumpa mtu mizunguko ya kuruka kamba kama adhabu ya pilau. Akisema mapaja yamekuwa makubwa, usimbishie na usimsifu haraka. Mwulize suruali inabana wapi. Mara nyingi inabana pajani na kupwaya kiunoni, na hilo ni la fundi: anunue inayoenea paja, fundi apunguze kiuno. Nguo inayokaa vizuri inatuliza kuliko hotuba.

Hao wa kujifunga nailoni tumboni na mikanda ya kubana kiuno, waondoe kwenye skwati. Nailoni inatoa jasho, jasho linarudi na glasi mbili za maji. Mkanda wa kubana kiuno unazuia pumzi kushuka tumboni, na ile pumzi ndiyo inayoushika mgongo chuma kikiwa begani. Mkanda wa kunyanyulia ni kitu kingine: ni mgumu, unasukumwa na tumbo kutoka ndani. Na mafuta ya tumbo hayachagui zoezi. Sit-apu mia hazichomi mafuta ya tumboni.

Ukiona anajipima zaidi ya mara moja kwa siku, anakwepa kula na wenzake, anajitapisha, au anaongeza mazoezi ya siri "kulipia" chakula, hapo umefika mwisho wa kazi ya kocha. Mpeleke kwa daktari au mwanasaikolojia, kwa faragha, na usimwondoe kwenye kundi.

Mfamasia_wa_Zamu

Wenzangu wamemaliza chakula. Mimi nina mambo ya dukani, na moja linanisumbua sana.

Kriatini monohaidreti: gramu 3 hadi 5 kila siku, saa yoyote, na maji ya kutosha. Haina haja ya wiki ya kupakia, yaani dozi kubwa za mwanzo. Inaweza kuongeza uzito wa maji ndani ya misuli, kwa hiyo mwambie kabla hajaanza, la sivyo mizani itamtisha tena. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito au anayenyonyesha aulize daktari kwanza. Asipokuwa na pesa, aiache. Mayai yatangulie.

Unga wa protini wa kopo: soma lebo, angalia protini kwa kipimo kimoja. Kikiwa gramu 30 na protini ni 22 hadi 25, sawa. Yale makopo makubwa ya kuongeza mwili huwa na sukari na wanga mwingi kuliko protini, yaache.

Linalonisumbua: vidonge vya kunenepesha na vya kuongeza makalio. Vingi vinavyozunguka mitaani ni deksamethasoni na siproheptadini, wakati mwingine vyote viwili kwenye kijikaratasi kimoja kisicho na jina. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Deksamethasoni ni steroidi nzito: inajaza uso, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na inavunja misuli ya mapaja na mabega. Anayepiga skwati huku anameza hiyo anabomoa usiku alichojenga jioni. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiiache ghafla, kwa sababu tezi zake juu ya figo zinaweza kuwa zimelala na anaweza kuzimia. Aende hospitali na akitaje alichokuwa anameza, apunguziwe kwa mpango.

Upande wa pili ni chai za kupunguza tumbo. Nyingi zina majani ya sena, ambayo huendesha utumbo mpana. Kalori zimeshafyonzwa juu kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo kinachotoka ni maji na potasiamu. Potasiamu ikishuka misuli inakaza na moyo unaweza kupiga vibaya. Kizunguzungu cha kwenye dedilifti, mwulize kwa upole kama anakunywa chai ya namna hiyo.

Kisha damu. Tanzania, zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Apimwe hemoglobini kituo cha afya: chini ya gramu 12 kwa desilita, kwa asiye mjamzito, ni upungufu. Asianze vidonge vya chuma kwa kubahatisha, kwa sababu minyoo, malaria au hedhi nzito ya uvimbe kwenye kizazi inaweza kuwa ndiyo chanzo. Kidonge cha feri salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi kama miligramu 65, na daktari ndiye aseme kimoja kwa siku au siku moja baada ya nyingine.

Kwenye sahani: chai aisogeze saa moja mbali na chakula, maana tanini inakamata chuma cha mchicha na maharage. Limao, chungwa au pilipili hoho mbichi kwenye mlo ule ule inasaidia kifyonzwe. Maini mara moja kwa wiki yanafaa, ila mjamzito ayaepuke kwa sababu ya vitamini A nyingi.

Kocha_Mbagala

Shukrani sana wakuu, na wewe BintiChuma. Chai ya kupunguza tumbo anakunywa, nimemuuliza leo. Nimemwomba aiache na Jumatatu anaenda kupima damu.

Matatu yamebaki. Anatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, hedhi hana tangu kabla ya vyuma, sasa nitajuaje kama mwili unabana matumizi? Na atafunga Ramadhani. Halafu skwati aanzie kilo ngapi?

Mfamasia_wa_Zamu

Kwa sindano ile kukosa hedhi ni kazi ya dawa, kwa hiyo taa hiyo ya onyo huna. Hata wanaotumia vidonge vya mpango, damu wanayoona kila mwezi inaletwa na vidonge, haithibitishi kwamba nishati inatosha. Angalia vingine: anahisi baridi wenzake wakitoka jasho, usingizi unakatika, mafua hayaishi, maumivu ya mfupa sehemu moja ya muundi au unyayo yanayozidi akitembea. Hilo la mwisho ni la kusimamisha mazoezi ya miguu na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sindano hii hupunguza uimara wa mifupa kiasi wakati inatumika, na sehemu kubwa hurudi ikiachwa. Asiiache kwa ushauri wa jimu. Ahakikishe kalisi: lengo ni kama miligramu 1,000 kwa siku. Maziwa na mtindi wa ile ratiba, jumla mililita 500, vinatoa kama 600. Dagaa wa kuliwa na mifupa yake wanaongeza nyingi, kwa hiyo wasitupwe vichwa.

Kwa wasiotumia homoni, hedhi ikikosa miezi mitatu, kwanza kipimo cha mimba, kisha daktari aangalie tezi ya shingo na prolaktini (homoni ya maziwa) kabla ya kulaumu mazoezi.

LisheNaVyuma

Ramadhani: vyuma saa moja na nusu hivi baada ya futari nyepesi ya tende, uji na mayai, au baada ya tarawehe. Bakiza uzito wa chuma, punguza seti kwa theluthi moja. Protini igawanywe mara tatu, futari, baada ya mazoezi na daku, gramu 30 hadi 40 kila mara. Sambusa, kachori na kaimati hunyonya mafuta, moja moja inatosha, sinia nzima itachukua nafasi ya samaki. Daku isikose maharage au mayai na maji nusu lita. Chai kali ya daku inaweza kumpeleka chooni na kumwongezea kiu.

BintiChuma_Tanga

Skwati: mpe kwanza siku 7 za chakula kamili na usingizi, bila kutafuta rekodi. Kisha aanze kilo 42.5, seti 3 za marudio 5, mapumziko ya dakika 3 kati ya seti. Akimaliza zote bila goti kuingia ndani, ongeza kilo 2.5 siku inayofuata ya skwati. Kama jimu haina pleti za kilo 1.25, aanzie 40, na usimrushe kilo 5 mara moja. Bakiza chuma kile kile, marudio yatoke 5 yafike 8 kwenye seti zote, ndipo uongeze 5 na kurudi kwenye marudio 5. Akirudi kwenye 50 akashindwa seti ya pili, fungua daftari la chakula la siku tatu zilizopita kabla hujagusa programu. Na akisimama kutoka kwenye dedilifti, atoe pumzi juu, ashike nguzo, ahesabu hadi tano kabla ya kutembea, mpaka majibu ya damu yatoke.